Kilemba cha Pumzi

Kabla sijamaliza kupiga hodi nilikwisha tiwa ndoo mkononi.

"Karibu, karibu. Kisima kile pale," alisema Bi Tabia, wala hakunitazama usoni. "Kila anayekuja kuiona bustani ya marehemu huimwagia ndoo tatu. Ukimaliza, ndipo nikutembeze."

Nami nilikuwa nimevaa kanzu yangu nzuri. Nilitoka nayo Saadani imekunjwa ndani ya mkeka, nikavuka nayo mito ya Wami na Kingani, siku mbili za matope na mbu, nikaivaa nyuma ya kichaka karibu na mji ili niingie Bagamoyo kama mtu. Sasa naambiwa niteke maji! Nikasema moyoni, haya, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikakunja mikono ya kanzu, nikateka. Ndoo ya kwanza ikanimwagikia miguuni.

Mambo haya yalikuwa mwaka wa tatu tangu kufa kwake Mikidadi mpiga zumari, na miaka miwili kabla Wadachi hawajapandisha bendera yao pale mjini. Enzi za Mikidadi, harusi isiyo na zumari lake watu waliisema kuwa si harusi, ni kula wali tu. Alipokufa, nyumba ilibaki na dada yake mkubwa, huyu Bi Tabia, na ule uwanja wa nyuma ukageuka kuwa mahali pa kuzuriwa. Sijui ulianzaje upuuzi huu. Watu walitoka Pangani, wakatoka Unguja, hata wapagazi waliokuwa wakingoja safari za bara walikuja kusimama chini ya mkomamanga wa Mikidadi wakivuta pumzi na kuguna.

Mimi nilikaa katika nyumba ile miaka minne, nikijifunza zumari. Jina langu Kitwana. Sikuja kuguna. Nilikuja na furushi kwapani, na ndani ya furushi mlikuwa na kilemba cha debwani, kipya, hakijawahi kugusa kichwa cha mtu. Nilitaka kukikabidhi, niseme maneno mawili, niondoke kabla ya adhuhuri.

Anayejifunza kazi kwa fundi, awe seremala, awe sonara, awe mpiga zumari, siku ya kumaliza humpa fundi wake kilemba. Fundi akikipokea, basi amekuachia kazi, nenda ukale kwa mikono yako. Asipokipokea, au wewe usipokitoa, kazi ile hukukatalia: seremala tezo litamkata mguu, sonara atajiunguza. Ndivyo wasemavyo. Mimi sikuwa naamini, na sikukitoa. Niliondoka kwa Mikidadi kwa ugomvi, nikaenda Saadani, nikajiita fundi, na kwa miaka sita kazi haikunikataa hata kidogo. Nilioa, nilikula, nilisifiwa.

Mpaka mwezi wa Rajabu uliopita. Katika ngoma moja pale Saadani malenga mmoja, Salumu, mtu mwembamba mwenye mdomo mpana, alisimama mbele ya watu wote akaniimbia:

*Kilemba hukukitoa, ufundi wajivalia;*
*Pumzi za kuchopoa, mwenyewe huzirudia.*

Watu wakacheka. Mimi nikaweka zumari mdomoni nimjibu kwa wimbo mrefu, na katikati ya wimbo pumzi ikakatika. Ikakatika tu! Zumari halikatwi. Mpigaji hujaza mashavu, na wakati mashavu yanasukuma hewa nje, pua inaingiza nyingine, na sauti inakwenda moja kwa moja hata watu wachoke wao kucheza. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Mpigaji anayekatika katikati ni sawa na imamu anayesahau Fatiha.

Tangu siku hiyo ikawa inakatika palepale. Nikanywa asali na tangawizi. Nikaacha tumbaku. Nikabadilisha vile vilimi vya jani la mvumo vinavyotiwa mdomoni mwa zumari, kumi na viwili. Wapi! Na harusi ya binti wa jumbe ilikuwa imekaribia, na Salumu amealikwa, na jumbe ameniambia wazi kwamba nikikatika tena atamwita mpigaji wa Pangani, nami nitafute pa kuanika dagaa. Mke wangu Mwanajuma hakubishana nami. Alikwenda mwenyewe kununua debwani, akalifunga furushi, akaliweka juu ya viatu vyangu.

"Fundi wako amekufa, dada yake yupo," alisema. "Hasira hasara, Kitwana. Nenda."

Basi ndiyo nikawa pale, kanzu imelowa mpaka magotini.

Kisimani nilikuta wageni wengine wawili wanateka, mtu na mkewe, wa kijiji cha Misheni. Mume aliitwa Tobia, seremala, na mke Natalia. Walikuwa na wiki tatu tangu kuoana, na ilionekana, kwa maana Tobia alikuwa akiiteka ndoo ya mkewe pia na kuomba radhi kwa kila tone lililomwagika.

"Na wewe bwana ulimjua marehemu?" aliniuliza.

"Nilimsikia," nikasema. Sikutaka kujulikana. Nilikuwa nimefuga ndevu, miaka sita imepita, na Bi Tabia macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Nilitaka kwanza nione upepo unavumia wapi.

Ndoo tatu zikaisha, Bi Tabia akashika fimbo yake, akatutangulia. Alikuwa amepungua. Zamani alikuwa mwanamke wa kuziba mlango mzima. Sasa leso ilimzunguka mara mbili na kubaki. Lakini ulimi ulikuwa uleule.

"Hii ndiyo asumini," alisema, akauelekeza ule mti kwa fimbo. "Hapa ndipo alipokuwa akikaa marehemu kila alfajiri. Harufu ikimpanda kichwani, wimbo unashuka."

Natalia akafumba macho akanusa. Tobia naye akanusa. Mimi nikauma meno. Asumini ile ilipandwa kuficha harufu ya choo! Choo kilikuwa nyuma yake pale, nami ndiye niliyechimba shimo la kuipandia, na siku ile Mikidadi alisema, chimba upesi mwanangu, wageni watatukimbia.

"Na hili," alisema Bi Tabia, "ni jiwe lake la kutungia."

Lilikuwa jiwe la kunolea panga.

"Hakutunga wimbo hata mmoja asipokaa hapa. Gusa, mwanangu, gusa. Bibi harusi akiligusa hulala na moyo mweupe." Natalia akaligusa. Tobia akaliuliza swali, maana huyu kijana alikuwa na maswali hata kwa mawe: je, lilitoka wapi? Bi Tabia akamwambia lilitoka Hijazi. Lilitoka ufukweni, kwenye mawe ya farumi, ya kutulizia jahazi, yaliyotupwa na mabaharia, tulilibeba mimi na mpishi wa jirani, nikateguka kidole.

Tukaenda kwenye mkomamanga. Hapo tukaambiwa kwamba ndege walikuwa wakishuka kumfundisha Mikidadi, naye akiwajibu, mpaka kunguru wakajifunza kukaa kimya kwa heshima. Nikakohoa. Mikidadi na kunguru! Alikuwa na rundo la mawe pembeni kwa ajili yao, na siku moja alikosa kunguru akaupasua mtungi wa jirani, ikabidi tumgawie yule jirani maji ya mtungi wetu mwezi mzima, kwa fedheha.

"Una kikohozi, bwana?" Bi Tabia akaniuliza.

"Vumbi tu."

"Vumbi, na nyinyi mmemwagia ndoo tisa?"

Nikageuza uso. Jua lilikuwa linapanda, kanzu inanibana mapajani, furushi linanitoa jasho kwapani, na mwanamke huyu anazungusha watu katika uwongo kama punda wa kinu cha mafuta. Nilijiambia, Kitwana, vumilia. Akimaliza, toa furushi, sema maneno mawili, uende zako.

Tukafika mwisho wa uwanja, kwenye mipapai. Ilikuwa minne, sasa imebaki miwili, imerefuka na kupinda. Moyo ulinishtuka kidogo, sikatai. Nilikaa chini ya mipapai ile kila asubuhi kwa mwaka mzima kabla sijaruhusiwa kugusa zumari. Unakata bua la jani la mpapai, lina tundu ndani, unalitumbukiza katika kifuu cha maji, unapuliza. Mapovu yakitoka, vizuri. Kazi ni kwamba yasikome. Yakikoma, unaanza upya.

"Hapa," alisema Bi Tabia, akaegemea fimbo, "ndipo pa huzuni. Marehemu alikuwa na mwanafunzi mmoja. Jina lake silitaji, nimekwisha tawadha."

Tobia akasogea karibu.

"Alikuwa mlafi. Alikuwa mvivu. Siku moja kulikuwa na harusi Mkange, marehemu akamwachia zumari apige. Kijana akapiga, akapiga, akazidisha, hata bwana harusi akasinzia, bibi harusi anangoja. Marehemu akamchomoa zumari mdomoni, mbele ya watu. Basi kijana akalia! Machozi, makamasi, mbele ya wanawake wote wa Mkange. Na kesho yake akatoroka na zumari la fundi wake."

"Aliiba?" akauliza Tobia.

"Aliiba."

"Uwongo!" nikasema.

Sikulitaka neno lile litoke, lakini lilitoka, na yaliyokuwa nyuma yake yakafuata. "Uwongo mtupu! Sikulia! Na zumari lilikuwa langu, nililichonga kwa mkono wangu kwa mpingo nilioufuata mwenyewe Miono! Na asumini ni ya choo! Na jiwe ni la panga! Na kunguru, kunguru alikuwa akiwapiga mawe! Tangu asubuhi nakusikiliza, Bi Tabia, hakuna kweli hata ya kutia jichoni!"

Natalia akarudi nyuma ya mumewe. Bi Tabia aliweka mikono yote miwili juu ya fimbo.

"Marahaba, Kitwana," akasema.

"Sijakuamkia."

"Ndiyo nakukumbusha. Nangoja tangu mlangoni."

Masikio yaliniwaka moto. Niliinama nikasema shikamoo, akasema marahaba kwa mara ya pili, taratibu, kama mtu anayemumunya tende.

"Ulinijua lini?" nikauliza.

"Ulipomwaga ndoo ya kwanza. Miaka minne hukuwahi kuifikisha ndoo ya kwanza." Akakaa juu ya gogo chini ya mpapai. "Haya. Mficha uchi hazai. Sema kilichokuleta."

Sikuweza kusema mbele ya wale wawili, na wale wawili hawakuwa na nia ya kuondoka. Tobia alikuwa amekwisha kaa chini kabisa. Basi nikasema hivyo hivyo. Nikamwambia habari ya Salumu na shairi lake, na pumzi inayokatika, na harusi ya binti wa jumbe. Nikafungua furushi, nikaliweka debwani mapajani pake.

"Hiki ni kilemba cha Mikidadi. Kipokee kwa niaba yake, uniachie kazi, niende."

Alikipapasa kitambaa. Alikikunjua pembe, akakinusa. Kisha akakikunja tena sawasawa akanirudishia.

"Sipokei."

"Hupokei?"

"Kwa niaba sipokei. Kaburi la Mikidadi liko nyuma ya msikiti, mpelekee."

Niliona giza. "Bi Tabia! Nimevuka mito miwili! Mimi ni mtu mzima, nina mke, nimechoteshwa maji kama mtwana, nimetukanwa mwizi mbele ya wageni, na sasa nikaongee na kaburi? Maiti atashikaje kilemba?"

"Usinipigie kelele, nauliza swali. Mikidadi alikufundisha nini?"

"Alinifundisha zumari!"

"Zumari lina mambo mengi. Alikufundisha nini?"

Nikafikiri, kwa chuki. "Vidole. Nyimbo. Pa kuanzia na pa kumalizia."

"Vidole vyako vina nini?"

"Havina kitu."

"Nyimbo umezisahau?"

"Sijazisahau."

"Sasa kinachokukatalia ni kipi?"

"Nimekwisha kwambia! Ni pumzi!"

"Na pumzi ulifundishwa na nani?"

Nilifungua kinywa kujibu Mikidadi, nikaitazama mipapai. Mikidadi alikuwa hayupo asubuhi. Mikidadi alikuwa mtu wa harusi, akirudi jua limechomoza na kulala hadi adhuhuri. Asubuhi, chini ya mipapai hii, nilikuwa na kifuu changu, na mbele yangu alikuwa amekaa Bi Tabia juu ya mbuzi, anakuna nazi. Hakuwa akinitazama. Alikuwa akisikiliza. Mapovu yakikoma, mwiko ulinipata gotini, na neno lake lilikuwa lilelile: "Upya." Siku nikifika mwisho wa nazi mbili bila kukoma, alinipa tui la kwanza ninywe. Nilikuwa nikimchukia. Mwaka mzima nilimchukia, na siku niliyoondoka nilipita jikoni mbele yake bila kumwambia kwaheri.

"Wewe hujawahi kupuliza zumari hata siku moja," nikasema. Ndilo neno pekee nililolipata.

"Sijapuliza. Na mkunga je, yeye ndiye anayezaa?"

Natalia akacheka, akaziba mdomo.

"Walipita wanafunzi tisa hapa," Bi Tabia akaendelea. "Wote nimewakalia kwa kifuu. Waliomaliza walimvisha Mikidadi vilemba, vizuri, vya hariri, nami nikapika pilau ya siku hiyo. Hakuna hata mmoja aliyeuliza." Hakusema kwa kilio. Alisema kwa hasira, hasira ya kuwekwa siku nyingi. "Unadhani watu wanakuja hapa kuniamkia mimi? Wanataka asumini. Basi nawapa asumini, nao wananitekea maji, maana mikono hii haivuti kamba tena."

Nikaitazama mikono yake. Vifundo vya vidole vilikuwa vimevimba, vidole vimepinda kando. Niliona haya.

Na bado nilisita, nisijisifu bure. Nilijua nikikitoa kilemba kile kwake, Salumu atauliza mbele ya Saadani nzima nani ameniachia kazi, nami nitajibu mwanamke, mkuna nazi, aliyekuwa akinipiga mwiko. Salumu atakuwa na shairi kabla sijafunga mdomo. Watoto wataniimba njiani. Nilisimama na debwani mikononi, nikawachukia wote, Salumu na jumbe na Mwanajuma, na Bi Tabia na ndoo zake.

"Bwana," akasema Tobia kwa upole, "mimi fundi wangu wa randa ni padri mmoja, na fundi wangu wa kunoa ni mzee mmoja kipofu. Randa isiyonolewa haitembei."

Nani alimwuliza? Lakini nilikuwa nimekwisha piga goti.

Nikamvisha. Sikuwahi kumfunga mwanamke kilemba, na yeye hakutulia, mara anasema kinabana, mara kinamfunika jicho. Kikakaa upande. Chini ya debwani lile uso wake ulikuwa mdogo na mkali.

"Sema," akaniambia.

"Niseme nini?"

"Utakachosema Saadani."

Nikasema kwa sauti ya chini kwamba fundi wangu wa vidole ni Mikidadi, Mungu amrehemu, na fundi wangu wa pumzi ni Bi Tabia, na kilemba chake nimekitoa.

"Saadani watakuwa wakipiga ngoma. Hawatakusikia."

Nikalisema tena kwa sauti kubwa. Jirani akachungulia juu ya ua.

"Nimekuachia," akasema Bi Tabia. Kisha, akikiweka sawa kilemba, akaongeza, "Na Mikidadi siku ile aliporudi kutoka Mkange aliniambia, kijana amekwisha jua kazi, alipiga hata akanisahau mimi niliyekuwa ubavuni pake. Kilemba chako alikuwa anakingoja. Wewe ukaondoka bila kunywa uji."

Kama hilo ni la kweli au ni la bustani, mpaka leo sijui. Nilitaka kumwuliza, nikaapa nitamwuliza, lakini alikuwa amekwisha inuka. Alikata bua la mpapai, akalipuliza kutoa vumbi, akaleta kifuu cha maji, akaviweka mbele yangu.

"Puliza."

"Sasa hivi? Umekwisha niachia!"

"Kuachiwa ni kuachiwa. Nataka kusikia."

Nikakaa chini, na kanzu yangu nzuri, kwenye matope niliyoyatia mwenyewe. Nikapuliza. Mapovu yakaanza. Nikafika pale panapokatika, nikamsikia akivuta pumzi puani, kwa nguvu, kama zamani, nami nikavuta pamoja naye. Nikapita.

Yeye akawageukia wale wawili. Alinyoosha fimbo, akanielekeza kama alivyoielekeza asumini.

"Huyu," alisema, "ni mwanafunzi wangu. Aliletwa hapa na ndege, akiwa mdogo, hajui hata kula. Alilia miaka minne. Mnaona lile jiwe? Pale ndipo nilipomlaza."

Tobia aliuliza ndege gani. Bi Tabia akasema kunguru. Mimi nilikuwa na la kusema, nilikuwa na mengi sana ya kusema, lakini nikifungua mdomo mapovu yatakoma, naye anasikiliza. Nikameza hasira kwa pua. Alimaliza kunguru, akarudi kwenye choo na asumini yake, akawazungusha bustani nzima upya toka mwanzo, nami bado napuliza.